Shahidi wa Chini ya Ngazi

Ukiufungua mlango wa jengo letu asubuhi, kitu cha kwanza kukupokea ni harufu ya gundi na ya mshumaa wa kulainishia zipu. Hapo unajua Shahidi ameshafika. Kazi yake hasa ni fundi wa mabegi. Anabadilisha zipu, anafunga magurudumu mapya, anashona mikanda iliyokatika. Kibanda chake ni ile nafasi ya pembetatu chini ya ngazi, ambayo mwenye jengo alikusudia iwe stoo ya mifagio, na mtu mrefu akiingia humo lazima ainame utadhani anaomba radhi. Shahidi si mrefu. Husema ngazi ilijengwa kwa kipimo chake.

Mimi nipo juu yake, ghorofa ya kwanza, kwenye ofisi ya wakili. Nachapa hati, nazitoa, napokea watu na kuwaambia wasubiri. Wananiita Mama Printa. Mwanzoni jina hilo lilinikera, siku hizi mtu akiniita kwa jina langu nachelewa kuitika. Hati tunazoandika zaidi ni hati za uwakilishi. Mtu yuko hapa, jambo lake liko nchi nyingine, basi anampa mtu aliye huko mamlaka ya kulishughulikia kwa niaba yake, iwe ni nyumba, cheti cha chuo au mtoto. Karatasi yenyewe ni moja tu, ila ina mikogo ya bibi harusi. Mwenye jambo atie saini mbele ya wakili, shahidi anayemfahamu atie yake chini, wakili agonge muhuri, halafu ipelekwe wizarani ikagongwe mwingine, halafu ubalozini mwingine tena. Ikikosa mmoja, huko iendako wataiona ya kufungia karanga.

Watu wengi hukumbuka kila kitu wakasahau shahidi. Wanakuja wenyewe kutoka mbali, kitambulisho mkononi, picha ndogo kwenye bahasha, na nyuma yao hakuna mtu. Ndipo tunawaambia washuke chini kwa fundi wa mabegi. Nusu yao begi lao liko kwake tayari.

Ila usidhani ukishuka utapata saini papo hapo. Shahidi atakwambia, "Kaa." Atakusogezea kigoda, ataendelea na sindano yake, na atakuuliza. Unakwenda wapi? Huko yuko nani? Huyo unayempa mamlaka unamwamini kwa lipi? Hana haraka hata kidogo. Wakili wangu, mwanamume wa suti na pumzi fupi, aliwahi kumwambia kwamba kufahamiana kwa kigoda hakutoshi. Shahidi akamjibu kwamba baba mkwe wake alimfahamu yeye kwa muda mfupi kuliko huo, akampa binti. Wakili akafungua faili lingine, jambo ambalo kwa wakili ni kushindwa kesi.

Mkishajuana, anapanda na wewe ngazi, anakaa kwenye kiti cha dirishani, anautazama mkono wako unavyoandika. Ukimletea karatasi uliyokwisha kuitia saini nyumbani, anaisukuma pembeni. "Hapa wameandika imetiwa saini mbele yangu," atasema. "Mbele yangu wapi? Mimi nilikuwa nashona begi." Utaandika upya. Na ukiinua kalamu, kabla yeye hajaigusa ya kwake, anakutazama usoni na kusema, "Nimekuona."

Mwanzoni nilicheka. Baadaye niliona watu wazima wakilengwa na machozi kwa neno hilo. Umezungushwa wiki nzima, njoo kesho, dirisha lile, nakala nyingine, hakuna hata mmoja aliyekutazama usoni, halafu mzee anayenuka gundi anakwambia amekuona. Malipo hakuwahi kupokea. Alisema ushahidi wa kununua una jina lingine.

Alichotaka ni habari tu. Mtu akirudi kutoka huko alikokwenda, lazima apite chini ya ngazi aeleze. Ofisi yao ikoje? Karatasi yetu aliipokea mwanamke au mwanamume? Aliisoma yote au aliruka? Shahidi hakuwahi kuvuka mpaka wowote, lakini saini yake ilikuwa imelala kwenye makabati ya nchi ambazo hata kuzitamka ni kazi. Mchana jua likifika kwenye vile vioo vya juu ya ngazi, mwanga ulishuka hadi kibandani kwake, vumbi likaelea ndani yake polepole, na nilipopita nilimkuta sindano imesimama hewani, macho yametulia mahali pasipo na kitu.

"Shahidi, uko wapi?"

"Nipo njiani," alijibu, na sindano ikaendelea.

Nilijua ana mke, na mke huyo yuko nchi za mbali kwa binti yao, alikwenda kumlea mjukuu. Akipiga simu, Shahidi alitoka nje barabarani akaongea akiwa ameegemea nguzo, anacheka peke yake. Nikimuuliza mkewe anarudi lini, jibu lilikuwa moja. "Begi liko tayari." Nilidhani ni namna ya kunifunga mdomo, maana mimi kwa maswali sijambo.

Asubuhi moja alisimama mlangoni pa ofisi. Nyuma yake hakukuwa na mteja, wala mkononi hakuwa na sindano.

"Mwanangu," aliniambia, "leo mteja ni mimi."

Akanipa simu nisome. Binti yake alikuwa ameandika ujumbe mrefu, wa mtu ambaye hajalala. Mama amefariki hospitali. Yuko kwenye chumba cha baridi. Hospitali haimkabidhi kwa binti kwa sababu mume yupo hai, na mume ndiye mwenye kauli. Wanataka hati ya uwakilishi yenye mihuri yote, baba ampe yeye mamlaka ya kumpokea na kumzika hukohuko, kama baba na binti walivyokubaliana kwenye simu, karibu na mjukuu aliyemlea. Mwezi huu ukiisha bila hati, mji utamzika wenyewe, kwa namba, kama mtu asiye na wenyewe. Na mwezi ulikuwa ukingoni.

Nikamwambia pole. 

"Ahsante," alisema. "Chapa."

Nikachapa. Kwenye kitambulisho chake nilikuta jina refu, zuri, ambalo sikuwahi kulisikia likiitwa kwenye ngazi zile. Nikaandika mimi fulani, mume wa marehemu fulani, namteua binti yangu. Nimechapa neno marehemu mara zisizo na idadi, na siku hiyo vidole vyangu vililikosea, nikalifuta, nikalikosea tena.

Alipoingia kwa wakili alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani.

"Mzee, leo kaa hapa," wakili alimwambia, kwa sauti laini ambayo sikujua kama anayo.

Akahama. Akakaa ukingoni mwa kiti cha mteja, kama mtu unayeweza kumwambia ainuke wakati wowote. Wakili akamsogezea karatasi na kalamu. Shahidi akaishika kalamu, mkono ukateremka wenyewe mpaka chini ya ukurasa, ukatia saini pale pa shahidi. Saini safi, ya mkunjo mmoja, ileile iliyozunguka dunia. Akainua kalamu, akasubiri.

"Mzee," wakili alisema, "hapo ni pa shahidi."

"Ndiyo. Ndipo pangu."

Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe ndiye aliyeitazama tena karatasi, akaona mstari wa juu ulivyo mweupe, akasema, "Lo, mkono huu." Nikatoka kwenda kuchapa nyingine.

Karatasi ya pili hakuitia saini, aliisoma. Alifika kwenye mstari wa pili akaweka kidole.

"Hapa pameandikwa marehemu."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi sijaona."

Wakili akamweleza kwa upole kwamba kwenye hati hii yeye hatoi ushahidi, anatoa mamlaka tu, na cheti cha hospitali kimekwisha kutumwa. Shahidi akatikisa kichwa.

"Kijana wangu, maisha yangu yote nimeweka jina langu chini ya kitu nilichokiona. Leo uniambie niliweke chini ya mke wangu, kwa kusikia?" Akaiweka kalamu taratibu, ikae sawa na ukingo wa meza. "Naomba radhi. Sijaona." Akainuka, akashuka ngazi.

Nilikasirika. Nasema kweli, nilimkasirikia mzee aliyefiwa. Niliingia kwenye kijichumba chetu cha chai nikafungulia bomba nikalia, kwa sababu yule mwanamke alikuwa kwenye baridi huko akisubiri karatasi, na karatasi ilikuwa mezani kwetu, na mwenye mkono alikuwa chini ya ngazi anaringia kanuni. Nilipomaliza kulia nilinawa uso, nikamfuata.

Nilimkuta kwenye kigoda cha wateja. Kiti chake mwenyewe kilikuwa kitupu. Nikachukua simu yake nikampigia binti kwa video, bila kumwomba ruhusa. Sura ya binti ilitokea, macho yamevimba, nyuma yake kitanda kilichotandikwa vizuri mno.

"Baba, wamenipigia tena," alisema. "Baba, watamzika wao."

"Uko chumbani kwake?"

"Ndiyo."

"Nionyeshe begi la mama yako."

Nikadhani akili imemruka. Picha ikayumba, ikashuka uvunguni, na begi la bluu likavutwa hadi kwenye mwanga. Lilikuwa limejaa.

"Hajawahi kulipakua, baba. Toka aje. Anabadilisha nguo tu kila mwaka, anasema zisinuke kufungiwa. Ukimwuliza anasema begi liwe tayari."

Nilimtazama Shahidi. Kumbe miaka yote ile hakuwa ananifunga mdomo.

"Sogeza simu kwenye zipu," alisema.

Zipu ikajaa kwenye kioo. Kile kishikio chake cha chuma hakikuwepo, badala yake palifungwa kitanzi cha uzi mwekundu, uliofifia. Kilikuwa kimesukumwa hadi kona kabisa.

"Nani kalifunga?"

"Mimi, baba. Jana. Niliingiza nguo zake za hospitali, nikalifunga."

"Ulilikuta limefungwa?"

Binti akafikiri. "Lilikuwa wazi kidogo. Pale mwishoni. Nikadhani limeharibika, nikalikaza."

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila mteja wa Shahidi amelisikia na hakuna anayelifuata. Akikurudishia begi hukwambia, likiwa nyumbani usilifunge mpaka mwisho, liachie kidole kimoja, zipu ipumue, kona ndiyo inayoua zipu. Watu huitikia ndiyo fundi, ndiyo fundi, wakatoka mlangoni wakalifunga hadi mwisho. Hata mimi.

Shahidi aliitazama ile kona kwa muda mrefu. Mwanga wa vioo vya juu ulikuwa umeshatufikia. Nyuzi sakafuni, vipande vya ngozi, mikono yake, vyote vilikuwa na rangi ya asali, na vumbi lilielea kati yetu na simu. Nilihisi sote watatu tumekaa ndani ya chumba kimoja ambacho hakiko huku wala huko.

"Angekuwepo," alisema mwishowe, "asingekuacha ukilifunga hivyo. Angekugombeza." Akavuta pumzi. "Basi, mwanangu. Nimeona."

Binti akaangua kilio. Shahidi hakumkatiza wala hakukata simu. Alimwacha alie mpaka akachoka, akamwambia akale kitu, akamwambia karatasi inakuja.

Aliponirudia alikuwa tena fundi wetu. "Sasa mimi nani atanishuhudia?"

"Mimi," nikasema. "Si nakufahamu?"

"Unanifahamu?"

 Nilimjua kwa harufu ya gundi, kwa utani, kwa ile mikono. Mahali alikozaliwa sikupajua. Jina la mke wake nilikuwa nimelichapa asubuhi hiyo kwa mara ya kwanza.

"Kaa," alisema.

Tukabadilishana, yeye akarudi kitini pake, mimi kigodani. Na Shahidi, aliyewasikiliza watu wa nchi nzima, akasimulia ya kwake. Alikuwa kijana, anashona mabegi penye kituo cha mabasi. Msichana akaja mbio, zipu imepasuka, nguo zinamwagika, anakwenda mji mwingine kwa shangazi yake kuanza kazi. Akampa begi alishone haraka. Akalishona polepole. Basi likaondoka.

"Mpaka leo ananidai lile basi," alisema, kisha akaokota uzi sakafuni, akauviringisha kidoleni, kwa sababu ya lile neno leo.

"Ulifanya makusudi?"

"Hilo wakili asilisikie."

Nikacheka, naye akacheka. Akaendelea. Binti yao alipojifungua huko ng'ambo akawa hana wa kumsaidia, mama akasema anakwenda mara moja, mtoto akianza shule anarudi. Shahidi akalitengeneza lile begi la bluu, kishikio cha zipu kilikuwa kimevunjika, dukani hakuna cha kufanana, akafunga uzi mwekundu wa muda. Mtoto akaanza shule. Mama akapata kazi ya kuwatunza wazee wa watu, akasema amalizie mwaka. Mwaka ukazaa mwingine. Hawakugombana. Kila simu mke alimwambia begi liko tayari, na Shahidi alimjibu na mlango uko wazi, wakaagana.

"Kwenye kiwanja cha ndege walinizuia," alisema. "Wasiosafiri wanaishia kwenye kioo. Nikasimama kwenye kioo. Akavuta begi lake, hakugeuka, yule akigeuka analia. Alipofika kwenye kona akasimama, akaliinamia begi. Nikajua anafanya nini. Analiachia kidole. Na safarini nilimwambia afunge kabisa." Akatabasamu. "Huko ndiko nilikomwona mwisho."

Sijui tulikaa pale kiasi gani. Watu walipanda na kushuka juu ya vichwa vyetu, nikasikia wakili akiniita mara mbili, sauti yake ikitoka mbali. Nilimwona yule mwanamke kwenye kona yake, mgongo wake, kichwa kimeinama, na nilimpenda, mtu ambaye sikuwahi kumwona.

Tukapanda. Safari hii Shahidi alikaa kiti cha mteja hadi nyuma, akaegemea. Mkono ulitaka kuteremka, nikauona. Akaushika kwa mkono wa pili, akaupandisha mstari wa juu, akaandika. Saini ya juu haikufanana na ile aliyozoea kuitia chini. Ilikuwa nzito, imepinda, saini ya mtu anayejifunza. Nikaichukua kalamu, nikavuta karatasi.

"Hujasema," alinikumbusha.

Nikamtazama usoni. "Nimekuona, mzee."

Akaitikia kwa kichwa. Nikatia saini yangu pale pake, na wakili, ambaye alikuwa akijishughulisha sana na miwani yake, akagonga muhuri.

Niliomba ruhusa nimsindikize. Wizarani waligonga wao, kuthibitisha kwamba wakili wanamfahamu. Kesho yake ubalozini wakagonga wao, kuthibitisha kwamba wizara wanaifahamu. Shahidi aliigeuza karatasi akaihesabu mihuri kwa macho.

"Huyu anasema anamjua huyu, na huyu anamjua yule," alisema. "Na mama watoto, nani hapa anasema anamjua?"

"Wewe," nikamwambia. "Na mimi nakujua wewe."

Akatembea kwa wepesi zaidi hadi dirishani. Karani wa ubalozi, akimkabidhi bahasha ya kuitia hati, alimuuliza kwa adabu, "Unasafiri lini, mzee?"

"Mimi sisafiri," alisema. "Inasafiri saini."

Tuliituma siku hiyohiyo, ikafika kabla mwezi haujaisha. Mama akazikwa na wenyewe, binti na mjukuu wakiwa kaburini, na Shahidi kwenye simu, ameegemea nguzo yake barabarani. Nilisimama mlangoni nikawazuia wateja wasimkaribie.

Begi lilikuja baadaye. Alilileta mama mmoja aliyekuwa amekwenda huko na hati tuliyoiandika sisi, akapita chini ya ngazi kuleta habari kama ada, akiwa analivuta. Nilikuwepo. Shahidi alimshukuru, akamuuliza ofisi za huko zina madirisha ya namna gani, akamsikiliza mpaka mwisho. Mama yule alipoondoka, akaliweka begi mapajani. Lilikuwa limefungwa hadi kona, limefungwa vizuri sana, na watu wa kiwanjani walikuwa wamelizungushia utepe. Akakata utepe. Akashika kile kitanzi cha uzi mwekundu, akakirudisha nyuma kidole kimoja, akaishia hapo.

"Nimekuona, mama watoto," alisema.

Akalisogeza ukutani, pale linapofikiwa na mwanga wa mchana, akaniomba nimpitishie mshumaa. Kulikuwa na begi la mteja linasubiri zipu.